Shemine ya nyumba ya zamani Muhumba, nianzie wapi na dola 60?

Wa Muhumba: Yambo wote. Tumepanga nyumba ya wakati wa Wabelgiji hapa Bukavu, kwenye mteremko wa kwenda ziwani. Sebuleni kuna shemine ya matofali, yaani meko ya ukutani yenye bomba la moshi, ambayo waliotutangulia waligeuza kabati. Tulitoa humo viatu, redio iliyokufa na chungu kisicho na mfuniko. Kiangazi hiki asubuhi ni baridi, mama mkwe analia magoti, nikasema basi tuwashe. Jumapili nikachoma gazeti moja tu. Moshi wote ukarudi ndani, mama mkwe akatoka nje kitenge puani, mpaka leo ananiangalia vibaya. Nikimulika na simu naona ufa unapanda upande wa kushoto, kidole kinaingia. Majirani wanasema ni wa tetemeko la Februari 2008. Fundi mmoja kaniambia tuzibe kwa simenti, yameisha. Nimsikilize?

Fundi Kadutu: Mama, hapana. Simenti ya kawaida mahali moto unapopiga inapasuka na kubanduka. Huko ndani tunajenga kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Kwanguza viungo vilivyolegea, lowesha matofali, ndipo ujaze.

Lakini usinunue kitu bado. Moshi kurudi mara nyingi ni bomba kuziba. Mimi nimeshatoa viota vya ndege, siku moja gunia zima. Funga matawi makavu kwenye kamba, chini ning'iniza jiwe, mmoja avute toka juu, mwingine toka chini, mdomo wa shemine ukiwa umefunikwa gunia lililolowa. Halafu jaribu moshi: majani mabichi juu ya moto mdogo, ziba juu, ziba mbele kwa kipande cha manjanja (bati), panda darini na tochi. Ukiona moshi unatoka karibu na boriti, usiwashe tena. Nyumba huungua kuanzia hapo, nyinyi mmelala.

Wa Goma: Sakafu ya mbele itandikeni mawe ya lava, huku kwetu tunayakanyaga bure. Ya mtoni hapana: yakiwa na maji ndani, moto unayapasua kama risasi. Na mkingojea, mbabula (jiko) ya makala isilale chumbani na mama mkwe. Gesi yake haina harufu.

Wa Muhumba: Aksanti. Mbabula ilikuwa tayari mlangoni pake, nimeirudisha uani.

Jana tumesafisha: masizi ndoo mbili na kiota. Moshi sasa unapanda vizuri, nikaanza kujisifu. Kisha tukajaribu moshi, kijana akapanda darini akaita, "Mama, huku hamuonekani kitu kwa moshi!" Ufa unafika juu, boriti inagusa matofali kabisa, na upande mmoja imeshakuwa nyeusi.

Fundi Kadutu: Nyeusi? Hiyo ilishaanza kuungua zamani. Boriti ikatwe na ishikiliwe kwingine, mwenye nyumba alipe, si wewe. Mpigie picha.

Wa Muhumba: Nimemtumia. Amejibu kwamba kabati ilikuwa nzuri. Dola 60 nimenunua blanketi mbili, zilizobaki nazificha. Viatu lakini havirudi humo.