Taarifa za maendeleo za MUST: sisi tunaowashauri vijana tuzisomeje?

MwalimuFizikia_NyandaZaJuu aliuliza:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninafundisha Fizikia kidato cha tano na cha sita huku Nyanda za Juu Kusini, na kila dirisha la udahili linapokaribia, wanafunzi wangu huniuliza kuhusu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Historia yake ninaifahamu: kilianza mwaka 1986 pale Iyunga kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya kinachoandaa mafundi sanifu, katikati ya miaka ya 2000 kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu. Siku hizi tunasikia habari za programu mpya, majengo yanayojengwa kwa fedha za mradi wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, na kampasi ya mkoani Rukwa. Ninayafurahia yote hayo kwa dhati. Hata hivyo, sijui nimjibu nini kijana anayetaka kujua kama ukuaji huo utamfanya awe mhandisi bora kuliko waliomtangulia. Chuo cha aina hii kinapotoa taarifa ya mwaka, tutazame nini, na katika mipango ya baadaye ni ipi yenye uzito zaidi?

MkufunziMstaafu alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kuwafikiria vijana wako kwa undani namna hiyo. Nilikuwa mkufunzi wa karakana kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, katika chuo kingine kabisa, kwa hiyo ninayoyasema ni ya vyuo vya ufundi kwa ujumla. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni saa ambazo mwanafunzi mmoja anashika kifaa kwa mikono yake mwenyewe katika muhula. Ukiingia karakana yenye mashine moja ya kukereza vyuma na wanafunzi kumi na watano, utawakuta wawili wanakereza, mmoja anasoma kalipa (kifaa cha kupimia), na waliobaki wananakili vipimo vyake madaftarini. Muhula ukiisha, wote kumi na watano wana ripoti nadhifu na alama za kufaulu, lakini waliojifunza kazi ni watatu. Udahili ukiongezeka huku mashine na wakufunzi wakibaki walewale, taarifa itasema chuo kimekua, ilhali mwanafunzi mmoja mmoja amepunguziwa elimu.

Kuhusu HEET, tusiishie kwenye majengo. Huo ni mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2021 na kupangwa kwa miaka 5, na ndani yake mna fedha za kusomesha wahadhiri, kuhuisha mitaala, kununua vifaa vya maabara na kuunda kamati za ushauri zinazowaleta watu wa viwandani mezani. Jengo linaonekana kwenye picha; mhadhiri aliyekwenda kusoma shahada ya uzamivu na kurudi haonekani, lakini ndiye atakayefundisha kwa miaka ishirini ijayo. Kwa hiyo ukisoma mipango ya baadaye, tafuta bajeti ya baada ya mradi: vipuri, elektrodi za kuchomelea, vyuma vya mazoezi, na ajira za mafundi sanifu wa maabara. Nimeona mashine nzuri za msaada zikifunikwa turubai kwa kukosa kipuri kidogo tu, na hilo liliniuma kuliko kukosa mashine kabisa.

Jambo jingine, usiwaache wanafunzi wako wadhani kwamba stashahada ni ya walioshindwa. Wahandisi wetu hupenda kutaja uwiano wa mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi stadi ishirini na watano. Chuo kilichozaliwa kuandaa mafundi sanifu kikiwapa kisogo kwa sababu ya hadhi ya shahada, nchi itakuwa na wachoraji wengi wa michoro na watendaji wachache. MUST bado kinatoa stashahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, za ufundi zikiwamo. Waambie vijana.

FundiMitambo_Mbeya alijibu:

Mzee Mkufunzi, shikamoo. Umenena ninayoyaona kila mwaka.

Nina karakana ndogo ya mashine za kusaga na kupukuchua mahindi, na hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo mbalimbali. Mmoja wao aliwahi kunieleza vizuri sana, kwa hesabu, jinsi beringi inavyobeba mzigo. Nilipompa mhimili ulioharibika aitoe beringi, alichukua nyundo na kuanza kuigonga, kwa kuwa hakuwahi kuona kifaa cha kuivuta beringi kutoka kwenye mhimili. Alikuwa kijana mwenye akili na adabu, na baada ya siku chache aliifanya kazi hiyo vizuri. Kilichomkosesha ni muda. Wiki nane haziwatoshi, na wiki mbili za mwanzo huishia kwenye barua, vibali na kuzoeana.

Kwa hiyo, Mwalimu, mpango wa baadaye ambao ningeutilia uzito ni ule unaokifunga chuo na kazi za huku kwetu. Chuo kiko Mbeya, jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, kiwanda cha saruji cha Songwe na reli ya TAZARA, na makaa ya mawe ya Kiwira hayako mbali. Rukwa ni nchi ya mahindi. Kampasi ya huko ikijikita katika zana za kilimo, ukaushaji na uhifadhi wa nafaka, itakuwa na sababu yake ya kuwapo. Ikirudia programu zilezile za Iyunga, itagawa tu wahadhiri wachache katika sehemu mbili. Na wahadhiri wenyewe waje karakanani, wasiishie kusaini daftari la mwanafunzi langoni na kuondoka.

Msomaji_Mombasa alijibu:

Niwaongezee uzoefu wa pwani ya Kenya, kwani suala hili ni letu sote. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu kwa Waislamu iliyofunguliwa mwaka 1951, kikageuka kuwa taasisi ya ufundi, kisha politekiniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Kina kampasi Kwale na Lamu, na stashahada hazikufutwa. Jina jipya humvutia mzazi mara moja, bali mwajiri wa bandarini huchukua miaka kulizoea, na huwa anauliza tu kama kijana anaweza kazi. Ndiyo maana naona taarifa ya mwaka isiyosema wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi ina pengo kubwa.

MwalimuFizikia_NyandaZaJuu alijibu:

Nawashukuru sana. Nimepata maswali ambayo sikuwa nayo. Je, kijana wa kidato cha sita anaweza kuyauliza haya kabla ya kuomba nafasi bila kuonekana mjuaji?

MkufunziMstaafu alijibu:

Anaweza, na asiogope. Wapeleke vijana wako wachache chuoni siku ya kazi, kwa barua ya shule, na uombe mwonyeshwe karakana wakati darasa linaendelea. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, si uongozi, kila kundi lina watu wangapi kwa mashine moja na mara ya mwisho waliwasha mashine lini. Kisha mtafuteni fundi sanifu wa maabara na mwulize akikosa kipuri humwandikia nani na hupata jibu baada ya muda gani. Anayetaka uhandisi ajue pia kwamba shahada pekee haitoshi: Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo ya usimamizi kazini kwa wahitimu, unaochukua miaka 3, kwa hiyo auulize mapema chuo kinawasaidiaje wahitimu wake kuupata.