Mrejesho: Breki za nyuma zilizoliwa mapema

Hapo awali niliuliza kwa nini pedi za breki za nyuma (vipande vinavyobana diski, yaani sahani za chuma zinazozunguka na magurudumu) za gari langu la haibridi (lenye injini ya mafuta na mota ya umeme), ninaloliegesha Kigamboni karibu na bahari, zimekwisha upande wa ndani huku diski zikiota kutu. Fundi alikuta pini za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) zimekauka grisi na kuganda, hivyo pedi ya ndani ilikuwa ikisugua diski hata nisipokanyaga breki. Kwa kuwa mota ya umeme hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, breki zenyewe hutumika kidogo, diski hazijisafishi kutu kwa msuguano, na hewa ya chumvi ya baharini huzidisha kutu hiyo. Nimebadilisha diski na pedi zote za nyuma (fundi alipendekeza kuzichonga diski, nikakataa, zilikuwa nyembamba mno), na pini zimepakwa grisi mpya. Magurudumu, yaliyokuwa yakichemka kwa msuguano huo, hayachemki tena.