Gavana anaweza kufunga mpaka wa Kiunga?

Mkaazi wa Langoni: Waungwana, mgombea ugavana mmoja hapa Lamu anaahidi kufunga mpaka wa Somalia pale Kiunga na kujenga jela ya wahamiaji kwa pesa za kaunti. Ana mamlaka hayo?

Wakili wa Mkomani: Hana. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010: uhamiaji, uraia, polisi na magereza yote ni ya serikali kuu. Hata bunge la kaunti likipitisha bajeti, Mdhibiti wa Bajeti ana sababu ya kuzuia pesa zisitoke.

Bi Shela: Ni kweli, ila gavana, au mtu aliyemteua, ndiye mwenyekiti wa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, kifungu cha 41 cha Sheria ya Polisi ya 2011. Hapo anapendekeza vipaumbele vya usalama, haamuru mtu akamatwe. Muulizeni atapendekeza nini.

Mimi mwenyewe ningemuuliza pia la kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mtu akikamatwa Kiunga wakati wa kusi, bahari imechafuka, anafikaje mahakamani Lamu kwa wakati? Hapo ndipo haki za watu hupotea.

Wakili wa Mkomani: Naam. Na anayeomba hifadhi ana siku 30 tangu aingie nchini za kujiripoti kwa maafisa, Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Huyo si mhalifu.