Naomba ushauri: nataka kupiga picha za galaksi nikiwa uani kwangu Dodoma, ninunue darubini au traka?

Uani_Ihumwa:
Wakuu, habari za usiku. Naishi Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Uani kwangu, taa za ndani zikizimwa, Njia ya Maziwa inaonekana kwa macho bila shida, hasa kuanzia Juni mvua zikishakwisha. Nina kamera ya Canon ya mtumba, kihisi chake ni cha ukubwa wa APS-C, lenzi ya 50mm, nyingine ya zumu inayofika 200mm, na stendi ya kawaida. Mwezi nimeupiga, Msalaba wa Kusini nimeupiga. Sasa moyo unataka galaksi za mbali, siyo hii yetu tunayoishi ndani yake. Hasa Andromeda.

Kinachonikwamisha: nikiwa na 200mm, nikiacha shata wazi sekunde 10, nyota zinakuwa mistari. Nikishusha hadi sekunde 1, picha ni giza tupu. Nina akiba ya milioni moja na nusu. Kuna duka wananishawishi ninunue darubini yenye maandishi makubwa kwenye boksi, "inakuza mara 525". Wengine wananiambia nitafute traka, kile kifaa kinachoizungusha kamera ifuate nyota. Pia jirani ana taa ya LED ya ulinzi inayomwaga mwanga moja kwa moja uani kwangu.

Nianzie wapi? Na kwa lenzi ya 200mm, galaksi gani zinapatikana kutoka huku kwetu? Natanguliza shukrani.

Kusi_na_Nyota:
Karibu sana mkuu. Darubini hiyo iache dukani. Darubini ya kawaida humudu kukuza kama mara mbili ya kipenyo cha lenzi yake kwa milimita. Ya milimita 60 inaishia 120 hivi. Hiyo 525 ni maandishi ya boksi tu.

Tena galaksi kubwa hazidai kukuzwa. Andromeda ina upana wa zaidi ya nyuzi 3, yaani ukipanga miezi mpevu sita kando kwa kando ndiyo unaufikia. Hatuioni hivyo kwa sababu ni hafifu, macho yanapata kiini chake tu. Kwa 200mm na kihisi chako, fremu inachukua kama nyuzi 6 kwa 4. Andromeda inaenea vizuri na nafasi inabaki. Kinachokosekana ni muda wa kukusanya nuru, na muda huo unapewa na traka. Inaizungusha kamera mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, sawasawa na anga linavyozunguka, nyota zikabaki nukta. Fedha yako yote ielekeze huko. Iliyotumika, iliyotunzwa vizuri, inaingia kwenye bajeti hiyo.

Ila kuna jambo ambalo video nyingi za mtandaoni hazitakuambia, kwa kuwa waliozitengeneza wanakaa mbali na Ikweta. Mhimili wa traka lazima uelekee ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Mtu wa Uingereza anailenga Polaris, Nyota ya Kaskazini, iliyo juu vizuri angani, kazi imekwisha. Wewe Dodoma uko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Polaris iko chini ya upeo wako, na ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya ardhi, nyuma ya ukuta, miembe na vumbi. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, hata kwenye giza zuri inatafutwa kwa shida. Baadhi ya stendi za kuinamisha traka hazishuki hadi nyuzi 6 kwa urahisi. Ukinunua, uliza hilo kabla ya bei.

Simu_Tu:
Mnamchosha bure. Siku hizi kuna darubini zinazojiendesha, kwa mfano Seestar S50. Unaiweka chini, unaiamuru kwa simu, inatafuta galaksi yenyewe, inapiga na kurundika picha (kuziunganisha nyingi ziwe moja) yenyewe. Habari za ncha ya anga humwachii mtu wa kawaida. Aongeze fedha kidogo amalize.

Kusi_na_Nyota:
Ni kifaa kizuri, sikatai, na kwa mtu asiye na kamera ningemwambia akifikirie. Lakini mwenye uzi anaitaka Andromeda, na fremu ya hiyo ni kama nyuzi 1.3 kwa 0.7. Inabidi aipige vipande vipande kisha viunganishwe. Halafu vifaa vinavyozunguka kwa kupanda na kugeuka vinapata tabu na kitu kilicho utosini. Galaksi ya Sombrero, M104, inapita nyuzi 5 tu kutoka utosi wa Dodoma. Na bei unayoiona mtandaoni ni kabla ya usafiri na ushuru. Kamera anayo tayari, lenzi anayo.

Uani_Ihumwa:
Asanteni wote. Kaka Kusi, nimekuelewa kuhusu traka. Sasa kama ncha yenyewe siioni, nailenga vipi? Dira ya simu yangu kila nikiitikisa inasema mengine.

Kusi_na_Nyota:
Dira ya simu iache, nondo za ukuta zinaivuruga. Tumia jua. Funga timazi ya fundi mwashi kwenye mti, acha kamba ining'inie. Jua likifika kilele chake, kivuli cha kamba kinalala kaskazini-kusini ya kweli. Lakini kwa Dodoma kilele siyo saa 6 kamili mchana. Saa yetu ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45 na wewe uko karibu na 36, kwa hiyo kilele kinakuja kati ya saa 6:20 na 6:50 kutegemea mwezi. Angalia muda wa siku hiyo kwenye programu ya nyota. Chora mstari sakafuni kwa rangi, ukae hapo miaka yote. Epuka mwanzoni mwa Machi na siku za tarehe 9 Oktoba hivi, maana jua linapita utosini na kivuli kinapotea.

Usiku simamisha stendi juu ya mstari huo, mhimili ukitazama kusini, uuinue nyuzi 6 kwa kipimo cha mwinamo cha simu. Hicho kinaaminika kuliko dira. Kisha sahihisha kwa nyota zenyewe. Lenga nyota iliyo karibu na utosi, acha shata wazi dakika mbili traka ikiwa inazunguka. Ikitoka na mkia unaoelekea kaskazini au kusini, geuza stendi kidogo mashariki au magharibi, piga tena. Mkia ukirefuka umegeuza upande usio sahihi, rudi. Ukitulia, hamia nyota iliyo chini upande wa mashariki, nyuzi 25 hivi juu ya upeo. Hapa mkia unakuambia habari ya mwinamo: inua au shusha. Kisha rudia ile ya kwanza. Mwanzoni itakula saa nzima ya usiku wako, ukishazoea ni robo saa. Usiiruke. Kwenye 200mm kila kosa linaonekana.

FundiLenzi:
Naongezea upande wa kamera, ndiyo kazi yangu. Zima fokasi ya otomatiki na kitulizi cha mtikisiko. Washa skrini, lenga nyota kali, kuza picha ya skrini mara 10, zungusha pete mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha funga pete kwa gundi ya karatasi. Baridi ya usiku inahamisha fokasi, iangalie tena kila baada ya saa moja hivi.

Zumu za bei nafuu zikifunguliwa mpaka mwisho huzungushia nyota duara la zambarau. Bana tundu la lenzi hadi f/5.6, utapoteza nuru lakini nyota zitakuwa safi. ISO (usikivu wa kihisi) 800 au 1600, faili za RAW, yaani ghafi. Nunua rimoti yenye taima, usibonyeze kwa kidole. Na vumbi la Dodoma usilifute kwa kitambaa! Pampu ya kupulizia kwanza. Nimeona lenzi nyingi zilizochubuliwa na shati la mwenyewe.

BintiPangani:
Shikamooni wakubwa. Mimi niko pwani, huku umande unaifunika lenzi kabla saa mbili hazijaisha, kwa hiyo nafunga mkanda wa joto wa USB kuzunguka lenzi kila siku. Wewe Dodoma kiangazi utapumua, ila weka hudi ya lenzi hata hivyo.

Kuhusu taa ya jirani, kaka, usikimbilie filta ya kuzuia mwanga. Galaksi zinang'aa kwa nuru ya nyota, rangi zote kwa pamoja. LED nyeupe nayo ni rangi zote. Filta haiwezi kuzitenganisha bila kula na nuru ya galaksi yako. Filta hizo zinafaa nebula, yaani mawingu ya gesi angani, zinazotoa rangi chache. Nenda ukazungumze na jirani, umwonyeshe picha ya Mwezi uliyopiga, umwombe aiinamishe taa itazame chini. Wangu alikubali siku hiyohiyo na watoto wake sasa wanakuja kuchungulia. Akikataa, nguzo mbili na turubai jeusi.

Uani_Ihumwa:
Marahaba dada, asante. Jirani nitamfuata kesho. Sasa tuje kwenye galaksi zenyewe. Andromeda nasikia ni ya watu wa kaskazini, huku inaonekana vizuri kweli?

TichaJiografia:
Hapo ndipo watu wetu wanapojidharau bila sababu, mwanangu. Andromeda kwa Dodoma inafika zaidi ya nyuzi 42 juu ya upeo wa kaskazini. Mtu wa Cape Town anaipata kwenye nyuzi 15, ndani ya ukungu wa upeo.

Sasa sikiliza vizuri. Andromeda, galaksi ya Sculptor iitwayo NGC 253, na Wingu Dogo la Magellan (galaksi ndogo jirani na yetu) zimepangana karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini-kusini. Zinavuka kilele kwa kupishana dakika chache tu. Mwanzoni mwa Oktoba ni kuelekea saa 7 usiku, mwishoni mwa mwezi ni kabla ya saa 5. Simama uani muda huo: kaskazini una Andromeda, NGC 253 iko nyuzi 71 juu, karibu na utosi ambapo hewa ni nyembamba, na kusini Wingu Dogo kwenye nyuzi 23. Mtu wa London Wingu Dogo halioni maisha yake yote, na NGC 253 kwake inakwaruza upeo. Mvua za Dodoma kwa kawaida hazianzi kabla ya mwishoni mwa Novemba. Oktoba ni yako.

NGC 253 iligunduliwa na Caroline Herschel mwaka 1783. Ina urefu unaokaribia upana wa Mwezi, imelala kiubavu, na iko miaka ya nuru kama milioni 11 kutoka hapa.

Andromeda iko miaka ya nuru milioni 2.5. Wanafunzi wangu huwaambia hivi: nuru utakayoipokea iliondoka kule baada ya wale waliokanyaga majivu ya Laetoli, miaka milioni 3.6 iliyopita, na kabla ya Zinjanthropus wa Olduvai, milioni 1.75. Imesafiri katika muda huo wote ije kuingia kwenye kamera yako ya mtumba Ihumwa. Kila nikilisema darasani, mimi mwenyewe nasisimka.

Kusi_na_Nyota:
Mwalimu amemaliza. Naongeza Mei na Juni: kati ya saa 3 na saa 5 usiku tafuta galaksi ya Centaurus A, nyuzi 53 upande wa kusini. James Dunlop aliiandika mwaka 1826 akiwa Australia. Ule mkanda wa vumbi unaoikata katikati unaonekana hata kwa 200mm. Sombrero nayo iko juu wakati huo, lakini kwa lenzi yako itakuwa na urefu wa pikseli kama 120 tu. Ipige kwa kujifurahisha, usiitegemee.

Na wakati unasubiri traka, anza na Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nyingine jirani, kwa 50mm na stendi uliyo nayo. Nyota zilizo karibu na ncha zinakwenda polepole kwenye fremu. Mahali ambapo utosini ungeishia sekunde 5, pale unapata 13 bila mistari. Oktoba linapanda vizuri kuelekea saa 11 alfajiri. Linahitaji upeo wa kusini ulio wazi, maana halizidi nyuzi 27.

Uani_Ihumwa:
Ticha, shikamoo, na asante sana. Hilo la Laetoli limenikaa. Nimeshazungumza na muuzaji wa traka iliyotumika, amepima, mwinamo wake unashuka mpaka nyuzi 0. La mwisho: picha ngapi kwa galaksi moja? Na kompyuta yangu ni ya RAM GB 4.

FundiLenzi:
Usihesabu picha, hesabu saa. Lenga jumla ya saa mbili kwa kuanzia, kwa mfano picha 120 za dakika moja, usiku usio na mwezi. Ukirundika picha 100, chengachenga zinapungua mara 10, na mikono hafifu ya galaksi inaanza kujitokeza. Mwisho wa usiku funika lenzi upige nyingine 20 za giza kwa ISO na muda uleule, hizo zinaondoa madoa ya kihisi. Alfajiri, kabla hujagusa fokasi, vuta fulana nyeupe juu ya lenzi, elekeza angani, piga 20. Hizo zinaondoa kivuli cha kona na alama za vumbi.

Programu ya kurundika ni Siril, ni ya bure. Kwa GB 4 itakwenda taratibu, funga kila kitu kingine na uache diski nafasi ya kutosha, maana faili za kati ni kubwa. Iache ifanye kazi usiku, umeme ukiwa wa uhakika au betri ikiwa imejaa.

Ukipata hata fremu moja ya NGC 253 ilete hapa ikiwa ghafi, usiisafishe. Tutaisoma mkia wa nyota pamoja tujue mhimili wako umekaa wapi.