Wauzaji wa samaki wa mapambo wa maji chumvi, acheni kutudanganya kwamba samaki "wamepita karantini"!

Wakuu, hili limenikaba kooni na leo nalitoa.

Unamuuliza muuzaji, "Huyu amekaa karantini?" Anajibu haraka haraka, "Ndiyo bosi, yuko safi kabisa." Unamchukua. Wiki haijaisha, samaki anajisugua kwenye mawe, anahema mbio mbio, jicho limeingia ukungu, chakula hataki hata kukiona. Kitatange wangu wa mdomo mrefu (Chelmon rostratus) kanifia hivyo hivyo. Nilimweka tangi la pembeni kwa sababu siamini maneno ya dukani, na nilipomtia kwa dakika 5 kwenye maji yasiyo na chumvi, minyoo ya ngozi ikageuka myeupe ikaanza kudondoka. Hiyo ndiyo "safi kabisa" yenu?

Hiyo karantini ni ipi hasa? Matangi yote yanazungusha maji yale yale kwa pampu moja, na kila mzigo mpya unaingia humo humo. Kisha mnatia dawa ya shaba kidogo, chini ya dozi. Kiasi hicho hakiui vimelea vya madoa meupe (Cryptocaryon irritans), kinavifubaza tu mpaka mteja aondoke na mfuko wake. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya maumivu: homa inashuka, vimelea viko damuni vinaendelea na kazi.

Na hata shaba ya dozi kamili haitibu minyoo ya ngozi na matamvua! Minyoo hii inatakiwa prazikwanteli, dawa ile ile ya kichocho, karibu miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita ya maji. Tena inarudiwa baada ya siku 5 hadi 7 hivi, kwa sababu inaua minyoo lakini mayai yanabaki na yataanguliwa. Kwa hiyo anayetia mara moja na kutangaza "tumewapa dawa ya minyoo" anatuongopea. Minyoo ya utumbo nayo ina dawa yake, kama fenbendazoli inayochanganywa kwenye chakula.

Sasa nigeukie washauri wenzetu humu mnaosema "mwaga dawa zote siku ya kwanza, umalize kazi." Mnawaua! Samaki wengi wa maji chumvi wamevuliwa baharini, wamesafiri na njaa ndani ya mfuko uliojaa amonia, halafu unawapokea kwa shaba na prazikwanteli kwa mpigo? Prazikwanteli ikiwa majini, bakteria huweza kuongezeka ghafla na kula oksijeni. Bila pampu ya hewa inayochemka muda wote, samaki mwenye matamvua yaliyoliwa na minyoo anakosa pumzi. Hawa Cirrhilabrus (samaki wadogo wa rangi kali) wanajulikana kugoma chakula pale dawa hizo mbili zinapokutana. Synchiropus splendidus (samaki mandarini) ndiyo balaa zaidi: anadonoa vidudu vidogo kutwa nzima, ukimweka kwenye tangi tupu bila chakula hai, njaa itamuua kabla ya mnyoo. Akishakufa mnasema "hiyo spishi ni ngumu." Samaki ambaye haonyeshi dalili aachwe kwanza ale, atulie, ndipo dawa zifuate moja moja. Anayehema vibaya tayari ndiye wa kuwahiwa.

Ninachodai si kikubwa. Mfuko uandikwe: dawa gani, dozi gani, ilianza lini na iliisha lini, ilirudiwa au haikurudiwa, maji yana chumvi kiasi gani. Na mlisheni mbele yangu nimwone akimeza, maana kuna wanaotafuna na kutema.

Muuzaji asiyeweza kujibu hayo aandike tu "hajatibiwa." Nitamnunua hivyo hivyo, tangi la karantini ninalo.