Mada ya utafiti: teknolojia ya uvuvi Mombasa, nianzie baharini ama barabarani?

KijanaWaTudor
Hamjambo watu wa Mombasa. Niko mwaka wa mwisho chuo, uhandisi, na nataka projekti yangu iwafae wavuvi wa hapa kwetu, sitaki karatasi ya kukaa kabatini. Wazo la kwanza lilikuwa fishfinda ya bei nafuu, ile yatuma sauti chini ya maji halafu yasoma mwangwi unaorudi mpaka ikuonyeshe kina na kama kuna kundi la samaki, niiunganishe na GPS basi. Mwalimu wangu akaniuliza, samaki akishavuliwa yuwafika sokoni vipi? Tangu hapo nimekwama, kwa sababu kila nikiangalia naona mambo mengi yaharibikia nchi kavu, feri, jamu, barafu. Nyinyi mlio kazini mwaonaje?

Nahodha_Mtongwe
Kijana, fishfinda siikatai, wenye boti za mashine wanaotoka nje kutafuta nguru na jodari itawafaa sana. Lakini wengi wetu twavua ndani ya mwamba wa matumbawe, upande wa ufukweni, mtumbwi wa kasia ama dau la tanga, na mle ndani samaki hawajajificha, wamepungua. Ukitupa sote macho ya kuona chini tutamaliza changu na tafi waliobaki upesi zaidi, na mwaka ujao hiyo mashine itatuonyesha mchanga mtupu.

Kama wataka kitu cha mle ndani angalia malema, ile mitego ya kusukwa. Watafiti walishafanya kazi na wavuvi wa pwani hii wakaacha mwanya mwembamba kwenye lema, samaki mchanga yuwatoka mwenyewe na mkubwa yuwabaki, na bei ya mkubwa waijua. Hakuna betri wala chaji na bado ni teknolojia. Ukija kutuhoji njoo wakati wa kusi, bahari ikichafuka twashinda bandani twashona nyavu, utapata majibu marefu.

DadaWaLikoni
Jamani na sisi mama karanga msitusahau kwenye huo utafiti. Mimi nakaanga samaki jioni karibu na feri na ule umati unaoshuka ndio riziki yangu, kwa hivyo mkisema msongamano ni hasara tupu mimi siwezi kukubali, watu wakipita mbio bila kusimama nitamuuzia nani. Taabu yangu iko asubuhi. Twangoja bandarini bila kujua boti gani yaingia saa ngapi, watoto tumewaacha nyumbani, halafu boti ikifika samaki wazuri washachukuliwa na tajiri kwa sababu yeye ndiye aliyetoa nyavu na injini, mvuvi ana deni lake hawezi kumuuzia mwingine. Nitengenezee meseji ya simu ya kawaida, si lazima smatifoni, iniambie boti iko njiani na imebeba nini. Hilo lingenisaidia kesho yake tu.

TuktukYaSamaki
Mimi nabeba samaki kutoka Likoni mpaka soko la Mji wa Kale, na nasema joto ndilo adui. Samaki kama jodari akikaa kwenye joto anajenga histamini, na hiyo hata umpike vipi haitoki, mtu anakula anavimba uso na kuwashwa mwili. Kwa hali yetu ya hewa watakiwa karibu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, lakini wengi twabeba kidogo kwa sababu ya bei, tukidhani tutavuka haraka, kisha foleni ya feri inasimama. Na mtu asiniambie nipite Dongo Kundu, ile barabara ni nzuri kwa anayetoka Kwale kuelekea bara, mimi nazunguka mpaka Miritini nirudi tena kisiwani, mafuta yanakula faida yote. Weka kipimajoto cha kurekodi ndani ya kreti pamoja na GPS, tujue barafu yaisha wapi hasa, ni bandarini, ni ferini ama ni baada ya kuvuka. Hapo hata kaunti waweza kwenda kuwaonyesha barafu yahitajika wapi.

MikokoNaMaji
Naongeza moja kwa anayependa vyote viwili, barabara na bahari: Makupa, pale barabara yatoka kisiwani kwenda bara. Ile njia ya kujaza mawe na udongo ilijengwa 1929 ikaziba maji kati ya hori mbili, ya Tudor na ya Port Reitz, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa 2022 na maji yakaanza kupita tena. Barabara ilibadilisha bahari kwa miaka zaidi ya 90! Sensa za bei rahisi za joto, chumvi na uchafu wa maji pande zote mbili, ukaweka pamoja na wanachopata wavuvi wa Tudor, hiyo ni kazi ya maana sana. Nenda KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, wako kwenye utafiti wa bahari tangu 1979, uliza kama kuna vipimo vya zamani vya kulinganisha.

KijanaWaTudor
Ahsanteni sana wallahi, fishfinda naiweka kando. Makupa ni kubwa kwa muda nilio nao ingawa imenivutia kweli, naenda na kreti la TuktukYaSamaki pamoja na meseji za DadaWaLikoni, maana boti ikijulikana yaingia saa ngapi hata barafu itangoja pale pale. Nahodha, niambie kitu kimoja, saa za kurudi boti zenu zafuata maji ama zafuata soko? Na siku za bamvua, maji makubwa, na za maji mafu, maji madogo, zatofautiana kiasi gani?