Hela za OT (tiba ya kumfundisha shughuli za kila siku) ya mtoto mnatoa wapi? Niko Kisumu

mama_jabali_ksm
Habarini wadau, naombeni msaada. Kijana wangu ana miaka mitatu na nusu, ana CP (mtindio wa ubongo), na tangu Februari tumekuwa tukimpeleka kwa mtaalamu wa OT wa praiveti mara mbili kwa wiki, kikao kimoja 1,500, hapo sijahesabu boda ya kutoka Manyatta. Kwa mwezi ni 12,000. Mimi nauza omena Kibuye na baba yake ni wa mjengo, kazi ikikosekana imekosekana. Lakini OT imemsaidia jameni. Mkono wa kushoto alikuwa anaukunja ngumi kidole gumba kikiwa ndani, ukijaribu kumfungua analia, sasa OT akatufungia kijiko na kipande cha tyubu ya baiskeli ndio mpini uwe mnene, na juzi amejilisha uji vijiko vinne mwenyewe, nimehesabu. Pesa imeisha na naogopa tukiacha atarudi nyuma. Kuna njia ya kusaidiwa ama hata kurudishiwa kidogo? Risiti zote ninazo kwa bahasha.

nakuru_sec58
Pole sana mama Jabali na hongera kwa hivyo vijiko vinne. Mimi nitaongea upande wa bima maana uliniuma. Mamangu alipata stroki, niko na bima ya kazini inayomkava, nikampeleka OT vikao sita nikijilipia nikijua nitarudishiwa. Nikapeleka risiti, wakazirudisha zote. Risiti ilikuwa imeandikwa tu "huduma" na hakukuwa na barua ya daktari ya kumtuma OT, na pia sikuwa nimeomba idhini kabla ya kuanza. Hizo pesa zilienda hivyo. Mara ya pili nikaanza na daktari, akaandika barua yenye ugonjwa na idadi ya vikao, OT akaandika ripoti na namba yake ya leseni, wakalipa. Kwa hivyo kama mzee anapata kazi yenye bima, au kuna chama chenu kina bima, uliza kwanza mambo mawili: OT iko ndani? na ugonjwa wa kuzaliwa nao wanakava? Hilo la pili ndilo huwa linawafungia watoto wengi nje.

ot_wa_kaunti
Mama Jabali mimi ni OT, nafanya hospitali ya serikali huku western. Tafadhali usiache, hamia. Hapo hospitali ya Russia (Jaramogi) kuna idara ya OT na bei ya serikali iko chini sana ya hiyo unalipa. Ukifika na hata hiyo ndogo ikiwa shida, omba kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, kazi yake mojawapo ni kuangalia familia isiyoweza na kupendekeza isamehewe bili. Watu wanaona aibu kuuliza wanarudi nyumbani na mtoto.

Foleni ni ndefu, sitakuficha, unaweza kupewa kikao kimoja kwa wiki au hata kwa wiki mbili. Ndio maana muombe huyo wa praiveti akuandikie ripoti na programu ya nyumbani kabla hujatoka, ili mwenzake asianze upya. Dakika ishirini zako kila siku wakati wa kumlisha na kumvisha zinafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Na kiti cha kumkalisha wima usinunue cha bei, kuna vya makaratasi na katoni vinavyogandishwa tabaka juu ya tabaka mpaka vinakuwa ngumu kama mbao, uliza idara watakuonyesha.

SHA (bima ya afya ya serikali): iliingia mahali pa NHIF Oktoba 2024, hakikisha mtoto yuko kwa akaunti yako kama tegemezi, piga *147# uangalie. Halafu uliza dirisha la SHA hapo hospitalini KABLA ya kikao kama wanalipia, usisubiri bili.

mwalimu_kakamega
Niongeze tu, msajili kwa NCPWD (baraza la taifa la watu wenye ulemavu), hilo la kwanza kabisa. Anapimwa na madaktari wa hospitali ya serikali iliyoruhusiwa halafu anapata kadi, na bila hiyo kadi milango mingi haifunguki. Wanatoa vifaa kama viti vya magurudumu, unaomba kupitia ofisi yao ya kaunti. Akiwa anahitaji mtu wa kumhudumia saa zote uliza chifu kuhusu Inua Jamii ya walemavu, pesa za msaada za serikali, ni 2,000 kwa mwezi. Haitoshi OT ya praiveti lakini inalipa boda. Na mpeleke EARC (kituo cha kupima mahitaji ya elimu ya mtoto) mapema akapimwe kwa ajili ya shule, wazazi wengi hungoja mpaka miaka saba na huo ni wakati umepotea, mimi nawaona darasani.

mama_jabali_ksm
Asanteni sana, nimesoma nikalia kidogo. Hiyo ya ofisa wa ustawi sikuwahi kusikia. Nimepiga *147# sasa hivi na kumbe Jabali hayuko, ni mimi na babake tu! Jumatatu naanza na hilo, nichukue ripoti kwa OT, kisha Russia. @ot_wa_kaunti hiyo gundi ya kiti cha katoni ni ya unga ama ya duka?

ot_wa_kaunti
Ya unga wa ngano, unapika kama uji mzito. Anika kila tabaka ikauke vizuri kwanza, ikibaki na maji ndani inaoza.